Taya la Shamsa na Viungo Vingine Nilivyovishika

Kabla hamjaendelea kusoma, tazameni mikono yenu. Kucha ziwe fupi. Pete vueni, maana pete inakwaruza ngozi ya mgonjwa. Na wewe mwenye mikono ya baridi usijali, hata yangu ilikuwa hivyo nilipoanza. Ibane kwapani kidogo kabla ya kumshika mtu, hutamwona anaruka kitandani.

Mimi ni Hadija, mzaliwa wa mtaa wa Rwezamenyo, hapa hapa Kigali. Watu wananiita Kine Hadija, kwa sababu enzi zetu mtaalamu wa tiba ya viungo aliitwa kine, kwa Kifaransa cha kukatakata, na jina limenifuata mpaka kustaafu. Nyinyi siku hizi mna makoti mazuri na majina yenu yameshonwa kifuani. Sisi mtaani tuliitwa wakandaji. Bibi yangu, Mungu amrehemu, mpaka anaondoka duniani alikuwa akiwaambia majirani kwamba mjukuu wake ameajiriwa na serikali kukanda watu. Alilisema kwa fahari, nami sikuwahi kumsahihisha.

Nimeombwa niwaandikie kuhusu viungo vilivyoganda. Nimekubali upesi, kwa sababu katika kazi yangu yote hakuna kitu ninachojivunia kama hiki. Mwili wa binadamu umejaa bawaba. Mfupa ukishikana na mfupa mwenzake, bawaba inageuka ukuta, na mtu mzima anaanza kuishi kwa kuuzunguka ule ukuta: anavaa shati kwa namna yake, anapanda ngazi kwa namna yake, anasalimia kwa namna yake. Baada ya muda hata yeye anasahau kwamba palikuwa na mlango.

Sasa sikilizeni jambo la kwanza, ambalo mashine zenu nzuri haziwezi kuwafundisha. Kuna kukakamaa na kuna kuungana, na mkono wako lazima ujue tofauti. Mimi nilifundishwa na Kine Bonifasi, mzee mrefu aliyenuka kafuri, ambaye alivaa koti la pamba hata jua likichoma. Siku ya kwanza hakutupa mgonjwa. Alitupa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli na mkanda wake wa ngozi, kisha akatupeleka kwenye mlango uliofungwa kwa ufunguo. Akasema, "Fungeni macho. Vuteni mpira, vuteni mkanda, sukumeni mlango. Niambieni mnasikia nini."

Tulidhani mzee anatuchezea. Lakini ndivyo ilivyo. Msuli ukikataa, unakataa kama mpira: unakwenda nawe kidogo, halafu unarudi kwake. Nyama za kuzunguka kiungo zikikauka, zinakataa kama mkanda wa ngozi: leo hazikupi kitu, kesho zinakupa unywele, keshokutwa unywele mwingine. Mfupa ukiungana na mfupa, unakataa kama mlango. Unafika, unagonga, basi. Kine Bonifasi alisema, "Mpira unaubembeleza. Mkanda unausubiri. Mlango unamwachia dogiteri mwenye kisu." Nimeyarudia maneno hayo kwa wanafunzi wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Mimi mwenyewe niliyaelewa baada ya kuaibika. Nilikuwa bado mwanafunzi, nikapewa mzee mmoja mwenye goti lililonyooka kama mpini wa jembe. Nikalishika, nikaanza kulikunja. Haliendi. Nikaongeza nguvu, jasho likanitoka, nikapiga goti langu kitandani nipate pa kujisukumia. Kila nikisukuma, mzee wa watu anazunguka mzima mzima juu ya kitanda kama mshale wa saa. Mwishowe akaniambia kwa upole, "Binti yangu, hilo goti liliganda kabla hujazaliwa. Mimi nimekuja kwa sababu ya bega." Kine Bonifasi alicheka mpaka akatoka nje. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa kila mgonjwa limekuwa: umekuja kwa sababu ya nini?

Liulizeni hilo swali. Msikae mnasoma karatasi ya rufaa huku mtu mzima amekaa mbele yenu na mdomo wake.

Ndilo swali lililoniletea Fundi Saidi. Huyu alikuwa mshonaji wa pale pale Rwezamenyo, wa suti na kanzu, mtu mwembamba mwenye sindano daima kwenye ukosi wa shati. Kiwiko chake cha kulia kiliingiwa na usaha, na mpaka anafika hospitali gegedu lilikuwa limeliwa lote. Daktari akatuambia wazi kwamba kiwiko kile kitaganda, tupende tusipende. Kilichobaki ni kuchagua kigande wapi.

Vijana wengi hawalijui hili. Kiungo kinaweza kuganda vibaya, na kinaweza kuganda vizuri. Mkono ukigandia umenyooka, ni gogo tu, unagonga milango. Ukigandia umekunjwa, unafanya kazi miaka yote. Kitabu kina pembe yake ya kiwiko kinachoganda, na siyo pembe mbaya. Lakini kitabu hakishoni kanzu. Nikamwuliza Fundi Saidi, "Umekuja kwa sababu ya nini?" Akasema, "Kine, mimi ni cherehani. Nikiwa siwezi kushona, mimi nani?"

Nikamwambia alete cherehani. Aliileta imefungwa nyuma ya moto, zile pikipiki za abiria, mwendesha moto analalamika njia nzima. Tukaiweka juu ya meza ya chumba cha mazoezi, katikati ya vyuma na magongo. Kine Bonifasi alikuwa karibu kustaafu wakati huo. Aliingia, akaiangalia ile cherehani, na mimi nikasubiri kugombezwa. Mzee akavuta kiti, akakiweka mbele ya mashine, akakipima urefu kwa kiganja, akaondoka. Katika maisha yangu ya kazi sijawahi kupewa nishani, ila kile kiti nakihesabu.

Fundi Saidi akakaa. Tukaushika mkono wake, tukaupeleka huku na huku, anasukuma kitambaa chini ya sindano. "Hapa? Hapa?" Tulipopata mahali ambapo kitambaa kilikwenda vizuri, akajaribu kuupeleka mkono mdomoni. Haukufika. Ukaishia karibu na kidevu. Sisi ni Waislamu, tunakula kwa mkono wa kulia, na nikaona uso wake umebadilika. Nikamwambia tunaweza kuukunja zaidi ufike mdomoni, lakini kitambaa utakifikia kwa taabu. Aliiangalia ile mashine. Halafu akasema, "Uwekeni kwenye cherehani. Mdomo utaufuata mkono."

Na kweli uliufuata. Tulimfunga plasta katika pembe ile ile, kiwiko kikagandia hapo, na Fundi Saidi akajifunza kuinamisha shingo kwenye sahani. Kwenye karamu za harusi watu wasiomjua walidhani ana njaa sana, wakamwongezea pilau. Hakuwahi kukataa. Kanzu alizoshona baada ya hapo zimevaliwa Nyamirambo nzima, na vazi nililovaa siku ya kuagwa kazini lilitoka mkononi mwake, na mshono umenyooka.

Neno moja kuhusu viwiko kabla sijaenda mbele. Kiwiko kilichovunjika juzi, chenye joto na uvimbe, msikisugue, msikikande, msikivute kwa nguvu. Nimeona watoto waliokandwa kwa maji ya moto na mafuta na watu wenye nia njema kabisa, na nyama ya mkono ikaota mfupa mahali ambapo hapakuwa na mfupa. Kiwiko kinasogezwa na mwenyewe, taratibu. Wewe kazi yako ni kumtia moyo na kukaa na mikono yako mfukoni. Ni kazi ngumu kuliko kukanda, nawaambia.

Na jingine, la mgongo. Kijana akija na mgongo unaomuuma, mwulizeni unauma lini. Mwendesha moto mmoja wa Kagarama aliniambia anaamka amekuwa kama ubao, mke wake anamvuta atoke kitandani, lakini akishakimbiza abiria wawili watatu anafunguka. Wenzake walimcheka kwamba ni uvivu wa asubuhi. Mgongo unaopona kwa kazi na kuuma kwa kupumzika siyo uvivu. Ni ule ugonjwa unaounganisha pingili za mgongo moja moja mpaka mtu anakuwa kama mwanzi. Nilimpeleka kwa daktari mapema, akapata dawa, nami nikampa mazoezi ya kila siku. Mpaka leo akipita na moto yake anageuza shingo kuniangalia, makusudi, ili nione kwamba bado inageuka. Namwambia atazame mbele.

Sasa niwaambie kuhusu Shamsa.

Shamsa aliletwa kwangu na dogiteri wa upasuaji wa taya, mwanamke kijana aliyerudi kutoka masomoni, anayeongea haraka na kutembea haraka. Alimleta kabla ya upasuaji, na hilo peke yake lilikuwa jambo jipya. Zamani sisi tuliletewa watu baada ya kila kitu, wakati mfupa umeshaanza kujirudia. Huyu dogiteri aliniambia, "Hadija, mimi nitautoa mfupa kwa asubuhi moja. Wewe utauzuia usirudi kwa mwaka mzima. Kama huna nafasi niambie sasa, nisimkate bure." Nikamwambia nafasi ninayo. Nilihisi nimerefuka.

Shamsa alikuwa msichana wa miaka kama ishirini, kitambaa chake cha kichwa kimefungwa vizuri, macho yanacheka kuliko ya watu wengi. Kidevu chake kilikuwa kidogo, kimerudi nyuma kama cha mtoto. Meno yalikuwa yameumana. Hata ukucha usingepita. Maneno yake yalitoka katikati ya meno kama upepo unaopita kwenye dirisha la vioo vya kulazwa, na ilibidi usogee karibu kumsikia. Daktari wa meno alikuwa amemng'oa jino moja la pembeni, na hapo ndipo chakula kilipopita: uji, mchuzi, na parachichi lililopondwa, ambalo alilisukuma kwa kidole. Mama yake alikuwa akiuza maparachichi na nyanya mlangoni kwao, mtaa wa Gitega, na parachichi lililoiva kupita kiasi lilikuwa la Shamsa.

Alianguka akiwa ndio kwanza anajua kutembea, kwenye zile ngazi za mawe za Gitega, akatua kwa kidevu. Kidevu kikashonwa, kikapona, kila mtu akashukuru. Hakuna aliyegusa mbele ya masikio, mahali ambapo taya linajifunga na fuvu. Mfupa mdogo wa hapo ulipasuka, ukavuja damu, ukapona kwa kushikana na jirani yake. Mtoto akaendelea kula, ila kila mwaka mdomo ulipungua kidogo, na kwa kuwa ulipungua kidogo kidogo hakuna aliyejua siku ulipofunga. Kwa hiyo mtoto akitua kwa kidevu, wekeni vidole mbele ya masikio, mwambieni afungue na kufunga, na mama afanye hivyo nyumbani wiki baada ya wiki. Ni jambo dogo, halina gharama.

Nikamwuliza swali langu. Mama yake akajibu kwanza: "Mimi nataka akule tu. Akule kama watu wengine." Shamsa akamgusa mama yake mkono, akaniambia taratibu, "Nataka kusoma kwa sauti." Alikuwa amehifadhi sura nyingi kuliko wasichana wote wa madrasa yao, na watoto wadogo walimpenda. Lakini hakuweza kuwafundisha. "Herufi zinagonga meno," alisema, "zinarudi ndani."

Siku ya upasuaji mtaalamu wa usingizi alipitisha mrija puani Shamsa akiwa macho, kwa sababu mdomoni hapakuwa na njia. Nilimshika mkono. Hakuusogeza. Dogiteri alikata kile kipande cha mfupa pande zote mbili, akaweka nyama katikati ili mfupa usikutane tena na mfupa, halafu akaniita. Mdomo wa Shamsa ulikuwa wazi. Wazi kweli, ulimi unaonekana, kilimi kinaonekana, vitu ambavyo mama yake hakuviona tangu mtoto akiwa mdogo. Dogiteri akasema, "Weka vidole vyako hapo. Ukumbuke upana huu." Niliukumbuka.

Hapo ndipo kazi yetu inapoanza, vijana wangu. Mwili haujui kwamba ule ulikuwa ufunguzi. Mwili unaona kidonda, na kidonda chochote mwili unataka kukifunga. Ukiuacha bila kuusumbua, utaweka mfupa mpya pale pale kwa bidii zote. Kwa hiyo unauzuia kila siku. Tulitumia vile vijiti bapa vya mbao ambavyo madaktari wanabonyezea ulimi. Unapasha shavu joto kwa kitambaa cha maji vuguvugu, unapanga vijiti kati ya meno ya nyuma, halafu katikati ya vile vijiti unasukuma kingine, taratibu, na unashikilia. Kesho kimoja zaidi. Kioo mbele, taya lisiende upande. Baadaye bazoka, ubani wa kutafuna. Ni vifaa vya bei ya chini kabisa, na maumivu yake ni ya juu kabisa.

Shamsa alilia. Alilia bila kusimama, machozi yanateremka huku mkono wake umenishika kiwiko, na kila nikitaka kulegeza alitikisa kichwa. Mama yake alikuwa anakaa kwenye benchi nje ya chumba, na kila tulipotoka nilimkuta amejifunika uso kwa kitenge.

Wakaruhusiwa kwenda nyumbani, wawe wanakuja kliniki na kufanya mazoezi wenyewe. Wakaja mara chache. Halafu wakaacha. Nilipompigia simu mama alisema, "Iko sawa, Kine. Iko anakula vizuri." Sikuipenda sauti yake. Siku ya mapumziko yangu nikateremka Gitega, nikauliza nyumba ya mama wa maparachichi.

Shamsa alinipokea vizuri, akaniletea chai. Nikamwomba afungue mdomo. Alifungua, na nikajua kabla sijatoa vijiti mkobani: ulikuwa unarudi. Nilipojaribu, vilivyoingia vilikuwa vichache kuliko siku alipotoka hospitali. Nilisikia moto kifuani. Nikamgeukia mama yake, "Mama Shamsa, mazoezi yako wapi?"

Akaweka chini nyanya alizokuwa akizifuta. Kiswahili chake ni kile cha kwetu hapa, kimechanganyika na Kinyarwanda, na alipokasirika kilichanganyika zaidi. "Kine, ile kilio mimi naijua. Niliisikia siku alianguka pale ngazi. Nilikuwa hapa hapa naosha vyombo, nikasikia. Mpaka leo iko kwa masikio yangu. Sasa munataka mimi mwenyewe nimufanye mutoto yangu alie kila siku? Oya, hapana. Mimi siwezi. Nilivificha ile vijiti."

Hasira yangu yote ikaisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa mama mzembe, na mbele yangu alikuwepo mama ambaye amebeba mlio mmoja tangu binti yake anaanza kutembea. Nikakaa karibu naye, nikamweleza tena mambo ya mfupa, na kwamba ukirudi safari hii dogiteri atakuta kazi ngumu zaidi, na mimi pia. Alisikiliza, akatikisa kichwa. "Naelewa, Kine. Kichwa inaelewa. Lakini nikisikia, mikono yangu inamunyang'anya vijiti yenyewe."

Ndipo Shamsa akaongea. Mdomo wake ulikuwa nusu wazi, maneno hayajapata njia yao bado, lakini tulimsikia vizuri sote wawili.

"Mama, toka nje."

Mama yake akamtazama kama aliyepigwa kofi.

"Toka, Mama. Chukua redio. Weka sauti juu. Mimi nitalia, nitamaliza, nitakuita." Akamshika mikono yote miwili. "Kulia siyo kuanguka, Mama. Sasa hivi mimi ndiye ninayesukuma."

Mama Shamsa akainuka, akatoa vijiti nyuma ya gunia la mchele, akavitia mkononi mwa binti yake, akachukua redio na kutoka nayo mlangoni. Tukasikia wimbo wa Kinyarwanda, halafu wimbo ule ukapandishwa mpaka vikombe vikatetemeka juu ya meza.

Ndani, nilinyoosha mkono kuvichukua vijiti, na Shamsa akavirudisha kwake. "Nionyeshe tu." Basi nikakalia mikono yangu, kweli nikaikalia, kama mtoto wa shule. Akajipasha shavu, akatazama kioo, akapanga vijiti mwenyewe, akasukuma. Alilia. Hakutumia saa kushikilia. Alisoma sura fupi moyoni, na mpaka aimalize kijiti hakikutoka. Siku zile za kwanza alichagua fupi kabisa. Baadaye akachukua ndefu.

Mimi nilizoea kuamini kwamba kazi hii inafanywa na mikono yangu, na mikono yangu ni mizuri, sitawadanganya. Lakini tangu siku ile niliwapa wagonjwa vijiti vyao, kamba zao, vyuma vyao vya kuinua. Nikawafundisha wanafunzi wangu hivyo, na wao wamewafundisha wengine. Leo naona mnawatumia wagonjwa video kwenye simu wajifanyie nyumbani. Nafurahi sana. Sisi tulianza na redio ya Mama Shamsa.

Ile redio ilileta maneno mtaani. Jirani mmoja akaja kulalamika: kwa nini kelele kila siku saa ile ile? Mama Shamsa akamjibu, "Mutoto yangu iko anafungua mudomo." Jirani akasimama, akafikiri, akaondoka. Kesho yake saa ile ile redio ya jirani nayo ikapandishwa, ng'ambo ya ukuta, stesheni nyingine. Ilikuwa vurugu tupu. Shamsa aliniambia alicheka akiwa na vijiti mdomoni, nusura avimeze.

Mdomo ukafunguka. Ukafunguka kama mkanda wa ngozi, unywele kwa unywele, mpaka ukafika pale vidole vyangu vilipokumbuka. Siku ya chapati ya kwanza alijing'ata ulimi, akalia kuliko siku za vijiti, maana hakuna aliyewahi kumfundisha kutafuna. Muwakumbuke hao: kiungo kikifunguliwa, misuli yake ni kama ya mtoto mchanga, inaanza shule upya. Tukaanza na ndizi mbivu. Tukaenda kwenye wali, kisha nyama laini. Idi iliyofuata alikula burusheti ya mbuzi, mshikaki wetu wa hapa, akaniletea kijiti chake kitupu kama zawadi.

Leo Shamsa anafundisha madrasa Rwezamenyo. Nikipita nje nasikia sauti yake ikitangulia na watoto wakifuata, na herufi zinatoka zimenyooka. Nasimama pale kwenye kona, najifanya natafuta kitu mkobani.

Lakini mkiniuliza ni lini nilijua kwamba tumeshinda, haikuwa madrasa. Ilikuwa asubuhi moja kliniki, siku ya dogiteri kumwangalia kwa mara ya mwisho. Foleni ilikuwa ndefu, benchi limejaa, na joto limeanza. Nilikuwa mlangoni na Shamsa alikuwa amekaa na mama yake, wamechoka kusubiri. Ghafla Shamsa akapiga mwayo. Haukuwa ule wa zamani wa puani, wa kubana meno huku macho yanatoa machozi. Ulikuwa mwayo mkubwa, mrefu, wenye sauti, kidevu kimeshuka kifuani na meno yote hadharani.

Mama yake akageuka kwa ukali. "Shamsa! Funika mudomo, watu wanakuona!"

Mkono wake ulikuwa tayari umeinuka kumziba binti yake, kama mama yeyote anavyofanya kwenye benchi lolote. Ukaishia hewani. Niliona maneno yake mwenyewe yanamrudia masikioni. Alikuwa hajawahi kuyasema kwa mtoto huyu, hata mara moja.

Mkono ukashuka. Benchi zima lilikuwa linamtazama.

"Hapana," akasema. "Wacha. Wacha wazi. Wacha watu waone."